Kazi za kaunti za bara: namna ya kuandika maombi yasiyotupwa

Kila linapotoka tangazo la kazi la kaunti ya bara na kuanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Mombasa, Kilifi na Lamu, jawabu la vijana wetu huwa moja: "Hizo zina wenyewe." Tangazo halisomwi. Linapita, na tarehe ya mwisho inapita nalo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mtaa wa Kuze, na huu ni mwaka wangu wa sita nikiishi na kufundisha Chebunyo. Kwa asiyepajua, Chebunyo ni wadi katika eneo bunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet. Ukitajiwa Bomet na Kericho unafikiria mashamba ya chai, na ni kweli, ila chai imeshika zaidi upande wa juu wenye baridi na mvua, kama kule Konoin. Huku chini kwetu mvua ni haba zaidi, na watu wanaishi kwa ng'ombe wa maziwa na mahindi. Jioni vijana wa hapa huniletea barua zao za kuomba kazi nizipitie. Kutoka nyumbani, wapwa zangu na marafiki zao hunitumia za kwao kwa simu. Na kabla ya ualimu nilikaa miaka miwili katika masjala ya taasisi moja, kazi yangu ikiwa kufungua bahasha za maombi na kuzipanga.

Nikiziweka barua za Chebunyo kando ya za Kisauni, naona kasoro ni zilezile. Nyingi huanguka mapema sana, kabla mtu yeyote hajauliza mwombaji ni wa kabila gani. Ndiyo maana naandika leo. Ubaguzi upo na nitausema, lakini kwanza tuhakikishe kilichotuangusha si karatasi yetu wenyewe.

Sheria inasema nini

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65, inaiagiza bodi ya utumishi wa umma ya kaunti izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Bomet jamii kubwa ni Wakipsigis. Kwa hivyo Mswahili wa Lamu, Mdigo wa Msambweni au Mgiriama wa Ganze akiomba kazi Bomet, yeye ndiye anayekusudiwa na kifungu hicho. Na kwetu ni vivyo hivyo: kaunti za Pwani nazo zinatakiwa kuwapa nafasi wasio wa jamii kubwa ya hapo.

Kifungu cha 66 kinataka nafasi zitangazwe kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo. Katiba ya 2010, ibara ya 232, inaweka ushindani wa haki na sifa za mtu kuwa msingi wa kuajiri katika utumishi wa umma, pamoja na uwakilishi wa jamii mbalimbali za Kenya. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua hata mtu ambaye bado anatafuta kazi, kwa kabila, dini, lugha, jinsia au ulemavu.

Je, yote haya yanafuatwa? Si kila mahali. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilikagua ajira za kaunti na ripoti yake ya 2016 ikaonyesha kaunti nyingi hazikuwa zimetimiza sharti hilo la asilimia 30. Sasa fikiria: bodi inayotaka kulitimiza inahitaji maombi ya watu wa mbali mezani kwake. Na bodi isiyotaka itajitetea kwa urahisi kabisa ikiwa inaweza kusema, "Hawakuomba," au "Waliomba lakini karatasi zao hazikukamilika." Tusiwape jawabu hilo bure.

Anayesoma bahasha yako

Watu wengi huandika maombi wakimfikiria mkubwa fulani ameketi, anasoma taratibu, anaguswa na maneno mazuri. Mchujo wa kwanza hauko hivyo. Mara nyingi ni karani au kamati ndogo yenye jedwali. Juu ya jedwali kumeandikwa masharti ya tangazo, moja kwa kila safu: uraia, elimu, miaka ya uzoefu, ujuzi wa kompyuta, usajili wa bodi ya taaluma. Chini kuna majina ya waombaji. Kazi ya mwenye jedwali ni kutia alama: lipo, halipo. Maombi yanaweza kuwa mia kadhaa kwa nafasi mbili. Hana muda wa kukisia.

Kwa hivyo maombi yenye nguvu ni yale yanayomrahisishia mtu huyo kutia alama. Kila sharti la tangazo lipate jawabu linaloonekana, na kila jawabu liwe na karatasi ya kulithibitisha.

Mimi huwaambia vijana wafanye hivi. Chukua tangazo, lichapishe au linakili kwa mkono. Piga mstari chini ya kila sharti. Kando ya kila sharti andika: ninalo nini, na liko katika hati gani. Ukimaliza utaona mambo matatu. Masharti uliyotimiza kabisa. Masharti uliyotimiza lakini huna karatasi yake, na hapo uanze kuitafuta siku hiyohiyo. Na masharti usiyoyatimiza. Kama usilolitimiza ni lile lililoandikwa kuwa la lazima, mathalan stashahada na wewe una cheti cha kidato cha nne pekee, okoa pesa zako za saiba na utafute tangazo jingine. Kama limeandikwa kuwa "litakuwa faida kwa mwombaji", omba.

Kisha kuna maagizo ya kutuma, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Tangazo linasema andika namba ya nafasi juu ya bahasha; mtu anaandika jina lake tu. Linasema jaza fomu ya bodi. Mtu anatuma barua bila fomu. Linasema tuma kwa tovuti. Mtu anapeleka kwa mkono. Linasema faili moja ya PDF. Mtu anatuma picha kumi na mbili za simu, nyingine zimekaa ubavu. Pale masjala, bahasha isiyo na namba ya nafasi tuliiweka pembeni, kwa sababu hatukujua ni ya kazi gani. Nyingine zilibaki pembeni mpaka mwisho.

Majani mawili na chipukizi

Wachumaji chai wa huku hufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi. Jani gumu la chini likijazwa kapuni, karani wa kituo cha kununulia hulikataa, hata likiongeza uzito. Wasifu-kazi, au sivii kama tunavyoiita, nao ni hivyo. Nimeona sivii ya kijana wa miaka 23 yenye kurasa saba: uzito, dini, shule ya chekechea, timu anayoshabikia. Majani magumu hayo. Kwa kazi ya kuanzia, kurasa mbili zinatosha: jina na mawasiliano, elimu ukianza na ya karibuni, kazi ukianza na ya karibuni, ujuzi, na watu wa kukushuhudia.

Lakini vijana wetu wa Pwani wana kasoro nyingine kinyume cha hiyo. Wanaacha majani mazuri shambani. Kijana ameweka hesabu za duka la babake miaka mitatu, anaandika "sijawahi kufanya kazi". Binti amefundisha watoto arubaini chuoni, ameandaa orodha za mahudhurio na kuzungumza na wazazi, haandiki chochote kwa sababu hakulipwa mshahara. Mwingine ameshika daftari la kikundi cha wavuvi, anajua nani ametoa nini na nani anadaiwa. Hayo yote ni kazi. Yaseme kama yalivyo, kwa muda na kwa idadi.

Linganisha. "Nilisaidia dukani." Na hii: "Kuanzia 2021 hadi 2023 niliweka hesabu za kila siku za duka la nafaka Kongowea, niliagiza bidhaa kutoka kwa wauzaji wanne na kufunga mahesabu kila mwisho wa mwezi." Kazi ni ileile. Ya pili inamwezesha mwenye jedwali kutia alama kwenye safu ya uzoefu. Ila usiongeze hata chumvi kidogo. Kama wauzaji walikuwa wawili, andika wawili. Siku ya mahojiano utaulizwa majina yao.

Barua yenyewe

Barua ya maombi iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza au Kiswahili kulingana na tangazo lilivyoandikwa. Tuseme kaunti inatafuta karani, na masharti ni KCSE gredi ya C, cheti cha kompyuta na uzoefu wa mwaka mmoja. Aya ya kwanza iseme unaomba nafasi gani, namba yake, na tangazo uliliona wapi. Aya ya pili ijibu masharti kwa mpangilio uleule wa tangazo: nilipata C+ mwaka fulani, shule fulani, nina cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, nimefanya kazi ya ukarani miezi kumi na minane mahali fulani. Aya ya tatu itoe mfano mmoja wa kazi uliyoifanya inayofanana na ile unayoiomba. Aya ya mwisho itaje viambatisho na namba ya simu inayopatikana.

Kwa anayeomba kaunti ya mbali, ongeza sentensi moja: uko tayari kuhamia na kuishi huko. Bodi huogopa mtu atakayeripoti, achukue mishahara miwili, kisha aanze kutafuta uhamisho wa kurudi kwao. Kama umewahi kuishi nje ya Pwani, kwa masomo au kazi, litaje. Kuijua lugha ya wenyeji si sharti. Mimi nilifika Chebunyo bila hata neno moja, nikaanza na "chamgei" ya asubuhi, na maziwa ya mursik nimeyazoea sasa. Lakini kama unajua lugha ya huko, iandike.

Usianze na kulia shida. "Mimi ni yatima, naomba mnisaidie" ni maneno ya kweli kwa wengi wetu, na Mungu anayajua, lakini jedwali halina safu yake. Kama una ulemavu, sema, kwa kuwa sheria inautambua na fomu nyingi huuliza.

Jina moja, herufi moja

Hili linatugusa sisi wa Pwani kuliko wengi. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha KCSE kinasema Muhammad, cheti cha kuzaliwa kinasema Mohammed, na jina la babu lipo kwenye kimoja na halipo kwenye kingine. Kwetu nyumbani ni mtu mmoja. Kwa mtu wa masjala asiyeijua mila yetu ya majina, ni watu watatu.

Panga hati zako zote mezani leo, usome majina herufi kwa herufi. Yakitofautiana, nenda kwa wakili au kamishna wa viapo utengenezewe hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na uiambatishe kila unapoomba. Kisha anza safari ndefu ya kurekebisha hati yenyewe. Kwenye barua, sivii na fomu tumia jina lililo kwenye kitambulisho, bila kulifupisha. Na waliosoma nje, iwe Zanzibar, Sudan au Saudia, wakumbuke kwamba shahada ya nje hutakiwa itambuliwe na kulinganishwa na za hapa nchini. Shughuli hiyo huchukua muda, usiisubirishe mpaka tangazo litoke.

Vyeti vya kibali: usitoe pesa mapema

Miaka mingi vijana walilipia cheti cha tabia njema cha polisi, ripoti ya madeni na kibali cha bodi ya mikopo ya elimu kabla hata hawajajua kama wataitwa. Ukiomba kazi tano, ni pesa na nauli zilizopotea. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa. Sasa mwajiri hatakiwi kudai vyeti hivyo mpaka awe anakusudia kukupa mkataba wa maandishi. Ukishindwa kuvileta hapo, anaweza kuliondoa pendekezo lake.

Kwa hivyo soma tangazo vizuri. Likisema vyeti hivyo vitatakiwa kwa watakaofaulu, usivilipie sasa. Lakini andaa njia: uwe na akaunti ya eCitizen inayofanya kazi, ujue nywila yako ya iTax, na uhakikishe hudaiwi ripoti za kodi za miaka iliyopita. Hata asiye na kazi mwenye pini ya KRA hutakiwa kuwasilisha ripoti kila mwaka, kabla Juni haijaisha. Wengi hugundua wana faini siku waliyoahidiwa kazi.

Watu wa kukushuhudia

Watu watatu hutosha. Waombe ruhusa kabla hujaandika majina yao, na uwatumie tangazo ili wajue utakuwa umeomba nini. Mwalimu wako, msimamizi wako wa kazi, imamu au mchungaji anayekujua kwa kazi zako, hao wanafaa. Jina la mheshimiwa ambaye hakukumbuki halifai kitu; akipigiwa simu atasema hakujui, na hapo umeharibu mwenyewe. Wahenga walisema mtumai cha nduguye hufa masikini.

Njia za mkato

Bodi za kaunti na Tume ya Utumishi wa Umma hazitozi pesa kupokea maombi. Anayekuambia utume "ya chai" ili jina lako lipite ni mwizi, hata awe na picha ya beji ya serikali. Ukipata tangazo kwa WhatsApp, lithibitishe kwenye tovuti ya kaunti au gazetini kabla hujatuma nakala ya kitambulisho chako kwa mtu usiyemjua.

Na vyeti vya kughushi havina salama. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa matokeo ya ukaguzi wa vyeti vya watumishi wa taasisi za umma, na 2,067 vilikutwa ni bandia. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imewafikisha wengine mahakamani na kudai warudishe mishahara yote waliyokula. Mtu anafanya kazi miaka kumi, ana watoto, kisha anaambiwa alipe kila shilingi.

Ukinyimwa na unaamini umeonewa

Hapa ndipo karatasi iliyokamilika inapokuwa silaha. Weka nakala ya kila ulichotuma, ushahidi wa tarehe uliyotuma, na tangazo lenyewe. Kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, unaweza kuiandikia afisi ya umma uulize taarifa za uajiri huo, nayo inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinamruhusu mtu asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya kaunti akate rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 90. Rufaa ya mtu aliyetimiza kila sharti na ana nakala mkononi si rahisi kuipuuza. Ya mtu aliyesahau kuweka sahihi kwenye fomu, hiyo huisha dakika mbili.

Chai inayochumwa Bomet na Kericho imekuwa ikiteremka kuuzwa kwenye mnada wa Mombasa tangu 1969, na hakuna anayeshangaa. Vijana wetu nao wana haki ya kuipanda njia hiyohiyo. Anza na vitu viwili wiki hii, hata kama hakuna tangazo: linganisha majina kwenye hati zako zote, na andika upya sivii yako kwa kurasa mbili. Tangazo likitoka, utakuwa na siku zote za kulijibu sharti kwa sharti, na hutakimbilia saiba saa kumi jioni ya siku ya mwisho mtandao ukikatika.